Mwaka Aliokufa Ghanim

Al Amerat, Maskati
6 Oktoba 2024

Mwanangu Yaqdhan,

Asalaam alaykum, na baridi ya huko ikuonee huruma. Mimi mzima, ila magoti yamegoma. Nnasali juu ya kiti kama abiria. Nasriya mzima. Anatoka hapa jua halijachomoza na kurudi limeshazama, na katikati ni kukaa kwenye msururu wa magari pale mlimani. Nimemwambia ahamishie na kitanda garini. Binti yake Ruba amemaliza chuo na sasa kazi yake ni kuchoka. Joto limepungua kidogo, maana yake watu wameacha kulalamikia jua na wameanza kulalamikia vumbi.

Utajiuliza kwa nini nnakuandikia kwa kalamu kama karani wa zamani. Kwanza, masikio yangu hayaipendi simu tena. Pili, simu yangu anaisoma Nasriya, na jambo akilisoma mwanangu huyo asubuhi, adhuhuri lishafika Qurum, upande wa pili wa mlima. Barua hii anakuja nayo Ghadeer, binti wa jirani, anayerudi chuoni huko Uingereza. Ya kwako itie posta, na juu yake uandike jina langu peke yangu.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kitako. Binamu yako Loay ameniambia umempigia simu, ukamwambia umelipata kaburi la babu yako Ghanim. Furaha aliyonayo ungedhani kachimba uani kwake akatokea mafuta. Sote tumekua tukijua kwamba Ghanim, mume wa kwanza wa mama yangu Rahila na baba wa marehemu baba yako, alikuwa mtia makaa kwenye matanuri ya meli, na kwamba meli yake ilizama wakati wa vita, mwaka 1942, asipone mtu. Zanzibar alisaliwa sala ya ghaibu, akasomewa hitima, na mama akakaa eda. Loay anasema basi mawimbi yalimtupa pwani na Wazungu wakamzika. Nimemwambia labda.

Nnakuuliza wewe, si Loay. Hapo kaburini na baharini pana umbali gani? Na nani mwingine umemwambia?

Shangazi yako,
Mahbuba


Kaskazini ya Uingereza
27 Oktoba 2024

Shangazi mpenzi,

Nakubusu mikono. Ghadeer amenifikishia barua yako na halua, na amekiri mwenyewe kwamba robo ya halua aliila ndani ya ndege. Mimi sijambo. Nyumba niliyopanga ina ngazi nyembamba na mwenye nyumba mwema, na mvua hapa haipigi, inakaa tu hewani. Nisalimie Nasriya, na Ruba mwambie kuchoka pia kuna ajira yake.

Kutoka kaburini hadi baharini ni mwendo wa saa moja kwa gari. Mawimbi hayafiki.

Nikueleze ilivyokuwa. Mji huu umekaa juu ya migodi ya makaa ya mawe iliyofungwa zamani. Mashimo yamejaa maji, na maji ya huko chini yana uvuguvugu. Kampuni yetu inayapandisha juu, inayanyang'anya joto lake, inayarudisha yalikotoka, na joto lile linapita kwenye mabomba mpaka majumbani. Mwezi uliopita nchi hii imezima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa, kwa hiyo kilichobaki cha makaa mjini hapa ni maji na wazee.

Wazee hao wana klabu yao. Nilipelekwa huko kuwaeleza habari za mabomba, kwani wao ndio wanaojua mashimo yanapita wapi kuliko ramani zetu. Marehemu baba alikuwa akiniambia kwamba meli ya babu ilizoea kufunga bandari ya upande huu. Nikauliza, kwa kuuliza tu, kama yuko aliyewahi kumjua baharia wa Zanzibar aitwaye Ghanim. Mzee mmoja akasema baharia hamjui, lakini mchimba makaa wa jina hilo alifanya naye kazi akiwa kijana. Akanipeleka kwa Bi Doreen.

Bi Doreen ana miaka themanini na nane. Mama yake alikuwa akipangisha chumba, na Ghanim alikikaa chumba hicho tangu vita vilipokwisha mpaka vumbi la makaa lilipomuua kifua. Si mtu mwingine, shangazi. Jina la baba yangu, Yaarub, bibi huyu alinitajia kabla sijalitaja.

Alikufa mwaka 1962. Si 1942.

Loay sijamwambia mwaka. Sijamwambia mtu yeyote. Nakuuliza wewe kwanza: mlikuwa mkijua?

Mwanao,
Yaqdhan


Al Amerat
24 Novemba 2024

Mwanangu Yaqdhan,

Salamu zikufikie ukiwa umekula. Barua yako ilifika, imezunguka nadhani kwa kila Mahbuba wa Maskati kabla ya kunipata mimi. Sote wazima. Sikukuu ya taifa imepita, taa za barabarani bado zinawaka rangi rangi, na Nasriya anasema zimempunguzia hasira za foleni. Mimi sijaona tofauti.

Habari kubwa ni Ruba. Kaposwa! Kijana anaitwa Alaa, watu wa Qurum, asili yao Zanzibar kama sisi, anafanya kazi bandarini, mpole, anakula bila kuchagua. Wanawake wao walikuja wiki iliyopita na vyakula vyao na mabibi zao. Bibi yake Alaa hasahau nasaba ya mtu. Alikaa kwenye kochi letu akaniuliza mama yangu binti nani, baba yangu mtoto wa nani, walioana mwaka gani, mama aliwahi kuolewa kabla, mume wa kwanza alikufa lini, na mimi nimezaliwa mtaa gani. Nilipoomba pasipoti sikuulizwa nusu ya hayo. Nilimjibu yote, akawa anatikisa kichwa kama mwalimu anayesahihisha.

Ijumaa tulikwenda pamoja nao Qantab kula ufukweni. Vijana walishindwa kuwasha makaa, wakamwaga mafuta ya taa kila mahali mpaka samaki akanuka gereji. Nikainuka na magoti yangu haya, nikawasha. Makaa ninayoyajua mimi ni ya jikoni na ya chetezo. Hayo yako ya mawe, yenye maji moto chini yake, yamenifurahisha sana, na nimemsimulia Alaa, akasema ni teknolojia nzuri.

Unavaa nini kichwani kwenye baridi hiyo? Usione haya kuvaa kofia ya sufu. Hata soksi za sufu zipo, zinauzwa.

Kuhusu mwaka, mtu wa miaka themanini na nane ana haki ya kukosea. Msalimie.

Shangazi yako,
Mahbuba


Kaskazini ya Uingereza
15 Desemba 2024

Shangazi mpenzi,

Nakubusu mikono. Ruba na Alaa nawaombea kheri, na samaki wa gereji amenichekesha peke yangu kwenye basi. Barua yako nimeisoma tena na tena kutafuta jibu la swali langu. Nimepata soksi.

Bi Doreen hakukosea. Nimekwenda kwake mara nyingine, na mzee wa klabu naye nimemuuliza mbali, na maneno yao ni mamoja.

Meli ilipozamishwa, manowari ya Kijerumani iliwaokota baadhi ya watu ikawafanya mateka. Ghanim alipelekwa Ujerumani, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa ya mtia makaa, akateremshwa mgodini. Vita vile vilikuwa vikila makaa, shangazi. Chuma hakiyeyuki bila makaa, treni haziendi, mizinga haitengenezwi, na wanaume wao walikuwa wote kwenye medani. Kwa hiyo wengi waliochimba walikuwa watu waliotekwa. Huku Uingereza mambo yalikuwa karibu hayo hayo. Wachimbaji walikwenda jeshini kwa wingi mpaka serikali ikawa inawapigia kura vijana, na namba yako ikitoka unapelekwa chini ya ardhi badala ya kupelekwa vitani. Mateka waliandikiwa kadi za kupelekwa kwao, lakini ya Ghanim haikufika Zanzibar hata moja.

Alipofunguliwa mwaka 1945 aliletwa hapa kusubiri meli ya kurudi. Meli zilikuwa chache, na mabaharia wa makoloni walikuwa mwisho wa foleni. Nchi imebomoka, inataka saruji, inataka chuma, inataka umeme, na vyote hivyo vilianzia kwenye makaa. Mgodi ukamchukua. Majira ya baridi ya 1947 theluji ilifunika reli, makaa yakakwama, viwanda vikafungwa, watu wakala chakula cha jioni kwa mshumaa. Wachimbaji walikuwa na posho yao ya makaa, na Bi Doreen anamkumbuka Ghanim akiigawa ya kwake kwa ndoo, nyumba hadi nyumba. Alikuwa akisema kule Ujerumani tabaka la makaa ni nene, alichimba amesimama wima naye ni mateka. Huku ni jembamba, anachimba amelalia ubavu naye ni mtu huru. Wenzake waliipenda sana hiyo.

Ramadhani alifunga chini huko huko. Jua halionekani mgodini, kwa hiyo habari ya magharibi ilitoka juu, ikateremka na lifti, ikapita kwa mtu mmoja hadi mwingine gizani mpaka imfikie. Mara nyingine ilimfikia jua lishazama zamani.

Sasa liko jambo. Wazee wa klabu wanawawekea mawe wenzao waliozikwa bila jiwe, na Ghanim ni mmoja wao. Yatawekwa mwezi wa tano. Mchongaji anataka jina na mwaka wa kufa. Picha itatoka kwenye gazeti la hapa, na Loay ameshaiomba aitie kwenye kundi la familia.

Nataka kuandika 1962. Baba yangu kalelewa yatima, kaitwa yatima, na amekufa akijua hana baba tangu ana miaka minne. Kumbe baba yake yuko hai, anakunywa chai jikoni kwa watu. Kwa nini hakurudi? Kwa nini hakuandika hata mstari, vita vilipokwisha? Nina hasira, shangazi, na sijui nimkasirikie nani.

Mwanao,
Yaqdhan


Al Amerat
12 Januari 2025

Yaqdhan,

Salamu. Sote wazima. Nasriya ana mafua.

Umeandika wazi, nami nitaandika wazi. Mama yangu na baba yangu walioana 1945. Mimi nimezaliwa 1946. Ukichonga 1962 kwenye jiwe, umechonga kwamba mama yangu aliolewa akiwa na mume hai. Sasa mimi ni nani?

Lau ingesemwa kwamba Ghanim kapotea, wangemsubiri miaka minne kama wanavyosubiriwa waliopotea. Lakini wakala wa meli alisema wamekufa wote, na watu wakafanya ya maiti: sala, hitima, eda. Wakakosea bila ya kukusudia, na mama akakaa eda ya mtu anayepumua. Mashekhe watakwambia kwamba mtoto wa ndoa ya namna hiyo hana dosari. Hilo nnalijua. Watu si mashekhe. Nikaha ya Ruba ni baada ya Idi, na bibi yake Alaa nimemwambia kwa mdomo wangu kwamba mume wa kwanza wa mama alikufa 1942. Picha ile ataiona kabla Loay hajamaliza kuituma.

Wadogo zangu wote wamezaliwa baadaye. Hesabu hiyo inanigusa mimi tu. Nimeishi miaka yangu yote hii watu wakinipa kiti cha mbele. Nnaogopa, Yaqdhan, na mimi si mwoga.

Andika 1942, au usiandike mwaka kabisa.

Mahbuba


Kaskazini ya Uingereza
9 Februari 2025

Shangazi mpenzi,

Nakubusu mikono. Naomba mafua ya Nasriya yamepona. Hapa theluji ilianguka, ikapendeza kwa siku moja, kisha ikawa matope. Kofia ya sufu nimenunua.

Barua yako nimekaa nayo. Sikuwa nimepiga ile hesabu. Nilikuwa nikimfikiria baba yangu tu, na wewe sikukufikiria. Sasa nimekufikiria.

Lakini swali langu lilikuwa bado linanikera, nikarudi kwa Bi Doreen nikamuuliza moja kwa moja: kwa nini hakurudi? Alichemsha chai, akaimimina, akasema alikuwa akisubiri siku nyingi atokee mtu wa kwao aulize hivyo.

Mwaka 1946 yeye alikuwa na miaka kumi. Ghanim alikuwa hatimaye amepata nafasi kwenye meli ya kwenda kwao, na sanduku lake lilikuwa limeshateremshwa, liko mlangoni. Jumapili akaja kutoka bandarini pamoja na mabaharia wawili wa Zanzibar. Aliwakalisha jikoni. Walikuwa wamempa habari za nyumbani, naye akawa anawaomba wamwambie tena, kama mtu anayetafuta walipokosea. Baadaye akasema maneno machache kwa lugha yake, akawashika mikono wote wawili, akawataka wayarudie. Wakayarudia. Wao walilia, yeye hakulia. Mama yake Doreen akauliza kuna nini.

Doreen anasema Ghanim alijibu hivi: "Mke wangu aliambiwa nimekufa. Ameolewa na mtu mwema. Wana mtoto mchanga wa kike. Nikitokea mlangoni, watu watamnyooshea kidole yule mtoto mpaka kufa kwake, na hajafanya kitu. Nimemwacha mke wangu. Hawa ni mashahidi, watamfikishia."

Sanduku likarudishwa chumbani. Siku ya pili akashuka mgodini. Barua hakuandika, kwa sababu barua ya maiti ikionekana tu mkononi mwa mtu, yote yameharibika.

Tangu hapo, kila meli yenye watu wa Zanzibar ilipofunga, alikwenda bandarini kuuliza kama maneno yake yalifika. Hakuna aliyejua. Wale wawili hawakuja tena. Bi Doreen alimuuguza mwishoni, na hata hospitali, pumzi zimeshakuwa za kuhesabu, akimwona mtu mgeni mlangoni alikuwa akiuliza kama ametoka Zanzibar.

Hasira yangu imekosa pa kukaa. Mtoto yule wa kike ni wewe.

Mwaka nimeuacha wazi. Mchongaji atasubiri mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Nitaandika utakaoniambia wewe, na ukisema pabaki patupu patabaki patupu, na sitakulaumu leo wala kesho.

Mwanao,
Yaqdhan


Al Amerat
13 Aprili 2025

Mwanangu Yaqdhan,

Asalaam alaykum, na Idi yako iwe imekupitia vizuri, japo najua umeila kazini. Nimechelewa. Ramadhani nzima nilijidai nna shughuli ya sambusa, na kusema kweli nilikuwa nnamkimbia mtu aliye kaburini. Sasa nimetulia. Nikaha ya Ruba ilikuwa juzi Ijumaa. Biriani ilikuwa kavu, bi harusi alikuwa mzuri, na Loay alipiga picha mia za viatu vya watu.

Mara ya kwanza uliniuliza kama tulikuwa tukijua. Tulikuwa tukijua.

Mabaharia wale walifika Zanzibar, wote wawili, mwanzo wa mwaka 1947. Baba yako ndiye aliyewafungulia mlango, ana miaka minane. Walikataa kukaa. Walisema walichoagizwa wamesimama, mbele ya mama na baba yangu, wakanywa maji, wakaenda zao. Mama alikuwa ananinyonyesha. Siku ile ile baba yangu alichukua nguo zake akahamia kwa dada yake, maana mle ndani hapakuwa tena na ndoa. Mama akakaa eda ya talaka. Majirani waliambiwa mama mgonjwa na baba yuko shamba kwa mavuno ya karafuu. Eda ilipokwisha akaitwa kadhi, akawaozesha upya chumbani, hata kahawa haikupikwa. Wadogo zangu wote ni wa ndoa hii ya pili, ndiyo maana nilikwambia hesabu inanigusa mimi tu.

Basi mama yangu kakalia mume mmoja eda mbili. Ya kufa, naye yu hai. Ya talaka, na watu walishamaliza kumsomea hitima. Alinihadithia mwenyewe, hapa Maskati, mwaka aliokufa. Katika yote hayo alililia jambo moja, kwamba hakumpelekea jibu. Hakujua kuandika, na kumwomba mtu amwandikie ilikuwa kumwekea mtu huyo siri yangu mkononi. Wale mabaharia walikuwa wameshaondoka.

Na baba yako alijua tangu siku ya mlango. Mama alimlisha yamini asimwambie mtu. Skuli akiitwa yatima aliitika. Angeweza kusema, "Baba yangu yuko hai," na kila mtu angegeuka kunitazama mimi. Hakusema. Hakukwambia hata wewe mwanawe. Mimi na yeye hatukulizungumza hata siku moja. Alikuwa akinipitia Ijumaa, anakula, anasema chumvi imezidi, anaondoka. Kwa hivyo usikasirike kwa ajili yake. Hakudanganywa. Alichagua, na alinichagua mimi. Nimemlilia upya ndugu yangu, mwezi huu, kana kwamba kafa jana.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka nimeikariri. Sikujua kwamba alikuwa akiuliza. Mama naye hakujua.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani nilimwambia Nasriya anipeleke Qurum. Jambo kama litasemwa, nilitaka lisemwe na kinywa changu, kabla ya nikaha na si baada yake, wasije wakasema tumewauzia kilichofunikwa. Njiani nikamwambia Nasriya kwanza. Alipaki pembeni ya barabara, akalia, akafuta macho, akaendelea kuendesha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumpigia mtu simu. Tulipofika nikaingia chumbani kwa bibi yake Alaa peke yangu, nikafunga mlango, nikamweleza: meli, eda, mimi, mabaharia, mgodi, yote. Nikamwambia kwamba mwaka niliompa ulikuwa si wenyewe. Nikamwambia kama wanataka kurudi nyuma warudi, sisi hatutapiga kelele.

Alikuwa na tasbihi mkononi, akaisimamisha.

"Na ile eda ya pili mama yako aliikaa?" akaniuliza.

"Aliikaa."

"Akaimaliza?"

"Akaimaliza."

"Basi kwetu hakuna neno," akasema. "Mungu amrehemu yule bwana. Wanaume wa kumwacha mke kwa kumhurumia sijawasikia wengi." Kisha akanitaka nimwite Nasriya, tuseme habari ya chakula. Nikajiona nimekaa kitini pake kama mtoto aliyesamehewa, na mimi nna miaka sabini na minane.

Andika 1962. Andika na kwamba ni baba wa Yaarub. Loay mwache aeneze; nshamwambia, na ameniuliza kama anaweza kuitia hadithi yenyewe pia. Nimemwambia aanze na picha.

Jambo moja nnakuomba. Kabla jiwe halijawekwa, nenda kaburini. Bi Doreen akitaka kwenda, mchukue, na umbusu mikono kwa niaba yangu hata kama si mila yao. Msomee Fatiha babu yako. Ukishamaliza, mwambie kwa Kiswahili, usinong'one: maneno yako yalifika. Yalifika mapema, na mashahidi wote wawili, na Rahila aliyapokea mwenyewe. Mwambie hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole yule mtoto. Amezeeka, ana mjukuu kaolewa, na anakusalimu.

Shangazi yako,
Mahbuba